Kirikuu ya Umeme na Mapipa Matatu ya Maji

Injini ya kirikuu yetu ilikufa saa mbili asubuhi, kilomita tisa nje ya Bariadi, gari hilo dogo la mizigo likiwa limebeba mikate mia mbili na kumi na kreti sita za skonzi. Nilinyanyua kiti cha dereva, maana injini ya gari lile iko chini ya kiti, nikatazama, nikarudisha kiti mahali pake. Kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka. Mwaka ule nilikuwa nimeshakifungua mara mbili, na fundi anayefungua kitu kilekile mara ya tatu anajidanganya.

Mikate ilikuwa ya mke wangu. Tanuri ni lake, leseni ni yake, wateja aliwatafuta mwenyewe tangu alipokuwa akiuza maandazi kwenye ndoo. Mimi ni fundi umeme wa jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, na kazi ya jineri ni ya msimu. Pamba ikiisha, fundi naye anaisha. Katika kila mikate mitatu aliyooka mke wangu, miwili ilikwenda vijijini, upande wa Mwamapalala. Mjini kuna waokaji wengine wanne. Kule alikuwa peke yake. Na mkate uliolala siku moja kwenye joto letu hata mtoto haupokei. Kwa hiyo asubuhi ile, nikiwa nimekaa ukingoni mwa barabara na mikate inapoa nyuma yangu, jambo lilikuwa moja tu: ama mikate ifike vijijini kila siku asubuhi, ama tanuri lizimwe.

Nilimaliza darasa la saba, sikuendelea. Umeme nilijifunza kwa kuangalia wakubwa jinerini, na kwa kitabu kimoja cha mota nilichonunua kwa muuza mitumba Mwanza. Kilikuwa kimechanika kurasa arobaini za mwanzo. Ilinichukua miaka kugundua kwamba kurasa zile ndizo zilizoeleza maana ya alama zote zilizofuata. Nilikuwa nimeshazitambua zote mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa kukosea.

Kwanza nilitafuta gari la umeme lililokamilika. Nilipiga simu Dar es Salaam kwa watu watatu waliotangaza kwenye mtandao. Wawili walikuwa na bajaji tu. Wa tatu alikuwa na gari dogo la mizigo, jipya, zuri kwenye picha.

"Uko wapi, mzee?" akauliza.

"Bariadi. Simiyu."

"Simiyu ndiyo wapi hiyo, kule Mtwara?"

"Huku kwenye pamba. Ukitoka Shinyanga unaendelea."

"Ahaa. Sasa likiharibika huko utalileta na nini?"

Swali lilikuwa zuri. Bei yake nayo ilikuwa ya mtu mwingine. Ndipo nikaamua kuibadili ile niliyonayo.

Jinerini kulikuwa na foklifti ya umeme iliyokaa miaka mitano chini ya turubai, betri zake za maji zimekufa, mota yake nzima. Meneja aliniruhusu kuing'oa mota na kontrola yake badala ya malipo ya wiki tatu ambazo nilikuwa nimeshafanya kazi. Betri zilichukua miezi minane. Nilizipata Shinyanga, nne, zilizokuwa zimetolewa kwenye mnara wa simu. Kila moja niliijaza, nikaifyonza kwa taa za gari mpaka karibu na mwisho, nikaandika saa na nguvu. Muuzaji aliniambia ni nzima kama mpya. Mimi nilipima nikakuta zimebaki na robo tatu ya nguvu zake, pungufu kidogo. Zote nne kwa pamoja zilitoa yuniti kumi na tatu na nukta sita, yuniti zilezile tunazonunua kwa ajili ya luku, mita ya umeme ya nyumbani. Nilizichukua. Mchonga vyuma mmoja wa Bariadi alinichongea sahani ya kuunganisha mota na giaboksi ya zamani. Ya kwanza ilikosea unywele mmoja, gari likatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ya pili ikakaa.

Muda wote huo mikate ya mke wangu ilikwenda vijijini kwa gari la kukodi, linalofika pale mwenyewe anapotaka. Mara nyingine saa tano. Mara nyingine halifiki kabisa, na jioni tunawagawia majirani mikate na kuwalisha kuku wao. Mke wangu hakunisema. Aliuliza tu, kila Jumapili, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado."

Kirikuu yetu ilipokamilika nikaenda ofisi ya usajili kubadilisha maelezo ya gari. Karani alikuwa mstaarabu. Alinyoosha kidole kwenye fomu.

"Ukubwa wa injini, CC ngapi?"

"Haina injini. Ina mota."

"Ndiyo, ya CC ngapi?"

"Mota haina CC. Weka sifuri."

Akaweka sifuri. Kompyuta ikakataa. Akaweka tena, ikakataa tena. Tukatazamana. Mwishowe aliandika ukubwa wa ile injini iliyokwisha kutolewa, ambayo wakati huo ilikuwa nyuma ya nyumba yangu na kuku wanataga ndani yake. Nilitia sahihi. Lilinikera siku mbili, likapita.

Kirikuu ilifanya kazi. Naandika hili kwa sababu watu wengine wanaohadithia mambo kama haya husema gari lilikuwa bovu. Halikuwa bovu. Kutoka jikoni kwetu hadi duka la mwisho kijijini ni kilomita ishirini na saba. Kwenda na mzigo, kwenye barabara ya vumbi, kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, lilikula yuniti nne na nukta sita. Kurudi tupu, nne na nukta moja. Kila siku niliandika kwenye daftari. Saa tatu asubuhi mikate iko dukani, bado ina uvuguvugu, na mwenye duka, Mwislamu mmoja ambaye wazazi wake walitoka Kondoa, alikuwa akiipapasa kwa kiganja na kusema, "Alhamdulillahi, hii hata haijui kama imesafiri."

Kasoro mbili tu zilijitokeza. Ya kwanza, gari halikuwa na mlio, na ng'ombe wa huku wamezoea kupisha mlio. Walisimama katikati ya njia wakinitazama mpaka nipige honi, na wachungaji wakawa wanacheka. Bibi mmoja mkazi wa nyumba iliyotazamana na duka alisema gari linalokuja bila kusikika si gari la kulala nalo kijiji kimoja. Alikuwa akitania. Hakuwa na meno, na kila siku alinisubiri mlangoni achague mkate ulio laini kuliko yote, akiibonyeza mmoja mmoja, mimi namngoja.

Ya pili ilikuwa sheria yangu mwenyewe. Betri za aina ile ukizikausha kabisa hazirudi. Nilikuwa nimezitafuta miezi minane, nisingepata nyingine. Kwa hiyo niliamua kwamba yuniti mbili na nukta sita za chini haziguswi, iwe isiwe. Katika hesabu zangu nilizifuta. Gari la yuniti kumi na tatu na nukta sita nililiita gari la yuniti kumi na moja, na baada ya miezi michache mimi mwenyewe niliamini ni gari la yuniti kumi na moja. Nikaongeza sheria ya pili, itokanayo na ya kwanza: halibebi abiria, halibebi mzigo wa mtu, haliendi kando ya njia yake. Mke wangu aliposikia alisema, "Huku? Utaweza?" Nikamwambia sheria ni sheria. Niliyasema hayo mimi, mzaliwa wa upande wa Bukundi, niliyelelewa na baba mwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Asubuhi ya siku ninayoieleza nilifika dukani saa tatu kasoro. Mlangoni kwa bibi hapakuwa na bibi. Palikuwa na watu, wengi, na wanawake wamekaa chini. Kabla sijafungua mlango wa nyuma, mama mmoja wa makamo, ambaye nilimfahamu kama kiongozi wa akina mama wa kitongoji kile, alinijia akiwa amefunga kanga kiunoni.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?" nikamwitikia mama yule kwa Kisukuma, nikiuliza kama kuna salama.

"Mhola haipo leo. Bibi ametutoka alfajiri."

Nilitoa pole. Nilisikitika kweli.

"Shusha mikate yako," akasema. "Mapipa yako pale, matatu. Wachota maji wameshatangulia mtoni, wanafukua mchanga. Utafika, watajaza, utarudi. Mara moja tu inatosha kwa kaburi na kwa wapishi."

Hakuniomba. Siku ya msiba hakuna kuomba. Chochote chenye gurudumu kilichoamkia kijijini siku ile ni cha msiba, na mwenye gurudumu hafikiriwi kuwa na neno. Mkokoteni wa baba yangu ulichukuliwa hivyo mara ngapi sijui, mara nyingine katikati ya kulima, na sikumsikia hata siku moja akisema jembe limesubiri. Nilikuwa najua. Siwezi kusingizia ugeni.

Mto uko kilomita saba kutoka dukani, nusu yake ni mchanga. Mapipa matatu yaliyojaa ni kilo mia sita. Nilitoa chaki mfukoni, ile ninayoandikia idadi ya kreti, nikaanza kuandika ubavuni mwa gari. Ndivyo nilivyo. Mtu mwingine angekuna kichwa; mimi naandika.

Vijana wakasogea.

"Hesabu za nini, ngosha?" mmoja akasema. "Hapa tunazika, hatupimi pamba."

"Mwache," akasema mwenzake. "Gari linakunywa umeme, maji haliyajui."

Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, cha kuvutia pumzi.

"Nyamazeni," yule mama akasema. Akanigeukia. "Enhe?"

"Nina yuniti sita na nukta nne zilizobaki," nikamwambia, nikionyesha. "Kurudi nyumbani ni nne na nukta moja. Zinabaki mbili na nukta tatu. Kwenda mtoni tupu na kurudi na maji, kwenye mchanga ule, ni mbili na nukta tisa. Haitoshi, mayu. Pungufu nukta sita."

"Nukta sita ndiyo nini?"

"Ni sehemu ya yuniti. Zaidi ya nusu kidogo."

"Inaonekana kwa macho?"

"Haionekani."

Alitazama ubavu wa gari kwa muda. Sidhani kama alikuwa anasoma.

"Umeme si upo pale kwenye mashine ya kusaga? Chomeka."

"Waya wa pale ni mwembamba. Na nina chaja ndogo tu ya akiba; hizo nukta sita zitachukua saa sita."

"Saa sita unakimbilia wapi?" Hakupandisha sauti. "Kaa na sisi. Ndiyo msiba huo."

Nilisema kwamba unga umeshaumuliwa nyumbani, kwamba kuna mikate ya mchana ya kusambaza mjini. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa ndogo. Mikate ya mchana mke wangu angeweza kuituma kwa baiskeli. Jambo ambalo sikulisema ni zile yuniti mbili na nukta sita za chini. Sikuzificha kwa makusudi. Au niseme hivi, sikujiruhusu kuzikumbuka. Nilikuwa nimezifuta kwenye daftari, nikazifuta na kichwani, na chaki yangu ikaandika kile nilichozoea kuandika.

"Basi nenda, baba," mama akasema. "Umeme wako usije ukakuishia njiani."

Nilishusha mikate. Nikatenga kumi, nikaikabidhi kwa akina mama kuwa mchango wangu, na nikaondoka polepole ili nisitimue vumbi mbele ya waombolezaji. Njiani niliridhika. Nilidhani wamenielewa, kwa kuwa hakuna aliyebisha.

Maji yalikuja kwa mikokoteni ya ng'ombe, nilisikia baadaye. Siku hiyo mikokoteni mingi ilikuwa mashambani kwa ajili ya pamba, ikabidi ifuatwe. Bibi alizikwa jua likiwa limekaribia kuzama, na waliotoka mbali walikaa mchana kutwa bila chakula, kwa kuwa wapishi hawakuwa na maji.

Siku ya tatu simu iliita kabla sijapakia. Alikuwa mwenye duka.

"Fundi, leo usilete."

"Ya jana haijaisha?"

"Imeisha. Tumewapa kuku. Dagashida imekaa."

Dagashida ni baraza la kimila la wanakijiji. Halina jengo, halina mhuri, halina daftari, na sijaona chombo kingine huku ambacho uamuzi wake unatekelezwa siku hiyohiyo bila askari. Walikuwa wameamua kwamba gari langu limetengwa pamoja na kila kinachotoka ndani yake. Hakuna wa kununua mkate wake, hakuna wa kumpa mwenye gari maji, moto wala salamu. Na vijiji vinne vya jirani vilikuwa vimepelekewa habari, maana watu wa vijiji hivyo nao walishinda na njaa msibani.

"Lakini wewe una duka lako," nikasema. "Wewe si wa mila hizo."

"Fundi," akajibu, "mimi hapa ni mgeni wa miaka kumi na tisa. Wakinitenga, nitamuuzia nani sabuni? Nitajiuzia mwenyewe?"

Mke wangu alikuwa amesimama na sinia la skonzi mikononi. Alisikia yote. Akaliweka sinia mezani, akahesabu kwa kidole mikate iliyopangwa tayari kwa kijiji kile na vile vinne, akaacha katikati.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe na daftari. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilikwenda na daftari. Nilikuwa nimenakili hesabu zote kwenye ukurasa safi, kwa wino, nikiamini kuwa tatizo lilikuwa chaki. Niliegesha mbele ya duka. Wanaume watano walikuwa wamekaa barazani.

"Mwangaluka," nikasema.

Mtu wa kwetu akikuamkia unajibu. Hata mkiwa na kesi unajibu, kisha ndiyo mnagombana. Wale watano waliendelea na mazungumzo yao kuhusu dawa ya mahindi. Hawakunikunjia uso, hawakugeuka, hawakunyamaza hata kidogo nilipopita. Nilisema tena, kwa mmoja mmoja. Mwenye duka alikuwa ndani akifuta mizani ambayo ilikuwa safi. Alinisukumia mfuko wa plastiki kwenye kaunta bila kuinua macho. Ndani mlikuwa na mikate yangu kumi ya msiba, imekauka, haijaguswa.

Nilirudi na daftari langu. Gari lilikula nne na nukta moja, kama kawaida.

Wiki mbili tanuri liliwashwa mara moja kwa siku badala ya mara tatu. Msichana aliyekuwa akimsaidia mke wangu kukanda alirudi kwao. Mwokaji mmoja wa mjini, kijana mwenye bidii, alionekana upande wa Mwamapalala akiulizia njia. Ndipo mke wangu akasema atakwenda yeye mbele ya baraza, na shangazi yake kama msindikizaji, na dume lake la ng'ombe alilopewa na baba yake wakati wa uhai wake. Faini ni kitoweo: dume linachinjwa, waliokosewa wanakula, na aliyekosa anakula nao.

Asubuhi ya kuondoka alinikuta nikikaza nati za betri, ambazo hazikuwa zimelegea.

"Nataka kukuuliza jambo moja," akasema. "Wakiniuliza kama gari lingeweza kubeba yale maji, niseme nini?"

Nilikuwa na spana mkononi. Nilikuwa nimeshafikiria wiki mbili nzima. Yuniti za chini zilikuwa zimenirudia kichwani siku ileile ya wale wanaume watano, njiani, nikiwa peke yangu. Kwa karatasi, gari lingefika mtoni, lingerudi na mapipa, lingefika Bariadi, na lingebaki na yuniti mbili. Lakini karatasi si barabara, nikajiambia. Mchanga ule sijaupima. Mtu anayejua kusoma anaweza kujitafutia nafasi ndogo sana ya kujificha.

"Sema lisingeweza," nikamjibu.

"Una hakika?"

"Nimepiga hesabu."

Akaenda. Shangazi yake ndiye aliyenihadithia, maana mke wangu hakuhadithia. Walikaa kwenye uwanja wa mizani, pale pamba inaponunuliwa. Yule mama wa kanga kiunoni aliuliza swali lilelile.

"Mayu, lile gari lingeweza au lisingeweza?"

"Lisingeweza," mke wangu akasema.

"Unasema wewe au anasema yeye?"

"Nasema mimi."

"Apa."

Akaapa kwa jina la baba yake, yule yule aliyempa lile dume. Kisha msemaji wa baraza akasema kwamba mkate ni wa mwanamke, na mwanamke amekuja mwenyewe, ameapa, na dume limeonekana. Mkate hauna kosa. Kuanzia kesho mkate uje.

"Na gari?" shangazi akauliza.

"Gari lina mwenyewe, na mwenyewe hakuja," msemaji akasema. "Tumemwamini huyu. Lile tuliache huko huko liliko."

Wakachinja, wakala, na mke wangu akala nao.

Mikate ilirudi vijijini kwa pikipiki ya matairi matatu ya petroli, ya kukodi, yenye mlio ambao ng'ombe wanauheshimu. Mara nyingi mke wangu huenda nayo mwenyewe, kwa sababu kule wanapenda kumwona. Anarudi na salamu nyingi, na karanga, na safari moja kuku. Tanuri linawashwa mara mbili, mara nyingine tatu. Kirikuu inazunguka mjini tu, kutoka mtaa hadi mtaa, kazi ambayo baiskeli mbili zingeifanya.

Mwezi uliofuata, mke wangu akiwa kijijini, niliazima mapipa matatu matupu, nikayafunga garini kwa kamba. Nilitafuta kando ya mto, upande wetu wa Bariadi, njia yenye mchanga kama ule, nikaipima kilomita saba. Nilianza na betri zikiwa na kiasi kilekile kilichokuwemo siku ya msiba. Nilikwenda tupu, nikayajaza mtoni kwa ndoo, nikarudi na maji, nikayamwaga, nikaendesha kilomita nyingine ishirini na saba, sawa na zile za kurudi nyumbani kutoka dukani. Nilipozima, zilikuwa zimebaki yuniti moja na nukta tisa. Betri hazikudhurika. Nilizipima siku tatu mfululizo, nikitumaini kukuta zimedhurika.

Nilikaa nalo siku kumi na moja. Kisha mchana mmoja, yeye akikanda, nilimwambia. Nilimwambia lote kwa mpangilio: sheria ya yuniti za chini, chaki, jibu nililompa asubuhi ile na spana mkononi, jaribio la mapipa. Mikono yake iliendelea kusukuma na kukunja, kusukuma na kukunja. Unga ulipokuwa tayari akaufunika kwa kitambaa.

"Ulijua siku ile nilipokuuliza?" akasema.

"Nilijua kwenye karatasi."

"Usinijibu hivyo."

"Nilijua."

Akanawa mikono mpaka vidole vikawa vyeupe. "Sasa usimwambie mtu," akasema. "Wala usiniambie mimi tena. Kesho nakwenda kule na mdomo huu huu."

Nilifikiri mara nyingi kwenda kule kusema ukweli. Kwa kosa langu peke yangu, dume moja lingetosha, na ningelitafuta. Lakini siku nitakayosimama kwenye uwanja ule na kusema gari lingeweza, watamtazama yeye aliyeapa kwamba lisingeweza. Hapo hawatalitenga gari. Watautenga mkate, na safari hii hakuna atakayebaki wa kuuombea. Kwa hiyo nakaa mjini, nagawa mikate ya mtaani, na jioni mke wangu akirudi na salamu za watu wa kule namuuliza kama barabara ilikuwa nzuri.